Umekabidhiwa Kikundi: Maswali ya Wasomaji kuhusu Unahodha wa Ngoma, Kasida na Nyimbo Shuleni

Mara hii tumeziweka pamoja barua za wanafunzi wa Malindi na Lamu waliopewa uongozi wa kikundi cha sanaa shuleni, au wanaoutamani. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Shikamooni. Niko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa Malindi. Mwalimu mlezi amenifanya nahodha wa kikundi chetu cha ngoma. Tuko 28. Tunacheza ngoma za Kigiriama, wasichana tunavaa hando, ile sketi nene ya marinda, na wavulana wanapiga. Nikisema "tuanze" hakuna anayesikia, hasa wapigaji, ambao wawili wako Kidato cha Nne. Nikipaza sauti wananicheka. Saa nzima inaisha tumecheza mara mbili tu, na mwisho wa ngoma kila siku unavurugika. Nifanyeje? — Msichana, Malindi

Marahaba, mwanetu. Hilo neno "tuanze" liache. Uwanjani, upepo wa bahari ukivuma na watu 28 wakipiga soga, sauti ya mtu mmoja haifiki safu ya nyuma, na ukiirudia mara tano inageuka kelele kama nyingine. Kikundi chako kina kitu kinachosikika kuliko koo, nacho ni ngoma yenyewe. Keti na mpigaji wa ngoma ndogo mkubaliane wito mfupi, tuseme wa mapigo saba, unaopigwa mara mbili. Ya kwanza, mazungumzo yanakatika. Ya pili, makayamba yanaitikia na kila mtu amekwisha fika mahali pake. Wito huo usipigwe kwa mchezo hata siku moja, maana ukizoeleka umekufa. Na mpigaji wake awe mmoja wa hao wawili wa Kidato cha Nne. Si rahisi mtu kukucheka wakati yeye ndiye anayewaita wenzake.

Sasa hiyo saa moja. Mnavyofanya, kama tulivyokuelewa, ni kuanza mwanzo kila siku na kwenda mpaka mharibu, kisha kurudi mwanzo. Ndiyo maana kuingia kwenu kunang'aa kama sufuria mpya na kutoka hakuna anayekujua. Mwanzo mmeshaupiga mara 60, mwisho labda mara 10. Igawe saa hivi: dakika 5 za kuita majina na kupanga safu, dakika 7 za kulainisha vifundo, magoti, nyonga na mabega (ngoma za Kigiriama zinatumia sana mabega, na bega baridi linachezwa kwa shingo), dakika 20 za kipande kimoja tu, kile kilichovunjika jana. Halafu dakika 10 wapigaji wapige peke yao, wachezaji wakipiga makofi bila kucheza, kwa sababu mchezaji asiyeweza kuupiga mdundo kwa makofi hawezi kuuweka mguuni. Dakika 15 zinazofuata mcheze ngoma nzima mara mbili bila kusimama hata mkikosea. Tatu za mwisho ni za kukusanya vyombo na kutangaza kesho mtaanzia wapi. Siku moja kwa wiki anzieni kipande cha mwisho, kisha cha kabla yake, mrudi nyuma mpaka mwanzo.

Kuhusu mwisho kuvurugika, tunashuku mwendo. Pima. Chukua saa yenye mshale wa sekunde, hesabu hatua kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya hivyo mwanzoni, katikati na karibu na mwisho. Ukipata 28 mwanzoni na 33 mwishoni, mmetoka hatua 112 kwa dakika mkafika 132, na kwa mwendo huo hakuna safu itakayogeuka pamoja. Ngoma hukimbia kwa sababu mpigaji anawatazama wachezaji huku wachezaji wanamsikiliza mpigaji: kila mmoja anamsukuma mwenzake, na vigelegele vinawasukuma wote. Chanzo mara nyingi ni kayamba. Mikono ikichoka, mpigaji hufupisha mtikiso, na mtikiso mfupi hufika mapema. Kumjua anayekimbia, cheza kipande kilekile ukiondoa chombo kimoja kwa zamu. Kikiondoka chombo na mwendo ukatulia, umempata. Dawa yake ni kumfanya mpigaji mmoja, wa upatu au wa ngoma kubwa, kuwa nguzo. Huyo akae akitazama kando. Wengine wote wamfuate yeye.

Ukimkosoa mtu, taja mahali, kosa na la kufanya, kwa sentensi moja. "Safu ya pili, mnageuka kabla ya upatu, usikieni kwanza ndipo mgeuke." Hayo yanafanyika. "Mnaharibu!" hayafanyiki, kwa sababu hakuna anayejua ni nani anayeambiwa. Rekebisha jambo moja kwa kila marudio hata kama umeona manne, na uite safu badala ya jina la mtu. Mwenye kosa lake peke yake mfuate wakati wa kufunga ngoma, mkiwa wawili. Hao wa Kidato cha Nne wawahi kabla ya mazoezi kwa swali halisi, kwa mfano: "Pale mnapobadilisha mdundo, nitajuaje mapema ili niwape safu ishara?" Ukiuliza hivyo utapata jibu na utapata mtu.

Jambo jingine ambalo manahodha wengi hulisahau ni hando. Linatanua nyonga na lina uzito. Safu iliyokaa sawa kwa sare ya shule inabanana siku ya mavazi. Wiki mbili kabla ya maonyesho chezeni na hando, au angalau leso mbili zilizofungwa kimo kilekile, na ongezeni hatua moja kati ya mchezaji na mchezaji. Mkigeuka kama mlango, safu ya watu sita, yule wa bawabani anakanyaga papo hapo na yule wa ukingoni anatembea mbali kuliko wote. Safu ikikatika ni kwa sababu wa bawabani anageuka haraka, ingawa lawama humwangukia wa ukingoni. Mpunguze mwendo yule wa bawabani.

Na kabla hujabadilisha mtindo wowote ili jukwaa lipendeze, waulize wazee wanaoijua ngoma hiyo ilikuwa ya nini. Hapo Malindi mnayo sanamu ya Mekatilili wa Menza. Kifudu, ambayo baadhi ya shule huicheza kama pambo, ndiyo ngoma aliyoitumia mwaka 1913 kukusanya watu kuupinga utawala wa Waingereza. Nahodha anayeweza kuwaeleza wenzake hilo kwa dakika mbili hupata nyuso tofauti katika safu zake.

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi hapa Lamu, miaka 15. Katika kikundi chetu cha kasida nimepewa kutunza matwari, zile ngoma za mkononi za ngozi, kazi ambayo wenzangu wanaiona ya mtumwa wa ghala. Shida yangu ni kwamba matwari yanalia vizuri saa nane mchana, lakini baada ya Magharibi yanakuwa kama maboksi. Tukiyapasha moto, mengine yanapasuka. Pia katika zefe, yaani msafara wa kuimba njiani, walio mbele na walio nyuma hatuendi pamoja, na nahodha wetu anasema ni kosa la matwari. — Kijana, Lamu

Waaleikum salaam. Wacha wakuite wapendavyo. Kikundi cha kasida kisicho na mtu wa matwari ni watu wanaoimba barabarani. Wengi wanaokuja kuwa manahodha hodari hupitia hapo ulipo, kwa kuwa mtunza vyombo ndiye wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, na ndiye anayejua kila chombo kina kasoro gani.

Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu wa hewa. Ikinywa inalegea, na ikilegea sauti inashuka na mlio unakufa. Jioni kisiwani hewa hupoa na kulowana, kwa hiyo twari lililokazwa na jua la saa nane linalegea lenyewe bila kosa la mtu. Msimu nao una sehemu yake: kaskazi ya Desemba hadi Machi ni kavu zaidi, lakini masika yakianza na kusi ikavuma, utapasha mara mbili zaidi.

Pasha kwa makaa yaliyotulia, yasiyo na ulimi wa moto. Makumbi makavu ya nazi hushika haraka lakini hutoa miali na moshi. Yaache yawe makaa kwanza. Shika twari ngozi ikitazama chini, shubiri moja na nusu juu ya makaa, ulizungushe bila kusimama kwa dakika mbili hadi tatu. Kila nusu dakika weka kiganja juu ya ngozi: usipoweza kukiacha hapo mpaka uhesabu tatu, ni moto mno, liondoe. Yanayopasuka huwa yamesimamishwa sehemu moja au yamesogezwa ghafla kwenye moto yakiwa na maji. Ngozi hukauka upande mmoja ikavuta, upande wa pili haujakauka, na nyufa huanzia kwenye misumari. Twari lililonyeshewa au kurushiwa mawimbi likaushwe kivulini penye upepo kwanza, saa nyingi, ndipo lione moto. Ukaze kupita kidogo sauti unayoitaka, kwa sababu litashuka likipoa. Kwa shughuli ndefu ya usiku panga matwari makundi mawili, moja likipigwa jingine likipashwa, na kila baada ya dakika 20 hivi mbadilishane mwisho wa beti, si katikati yake.

Usiyaache juani mchana kutwa ukidhani unayasaidia. Duara la mbao hupinda, na twari lililopinda halikai tena kwenye kiganja. Mkisafiri, hapo kwenye boti ya kwenda Mokowe ndipo vyombo vingi huharibika: chumvi ya mawimbi ikikauka kwenye ngozi inaendelea kuvuta unyevu siku zote zinazofuata. Yafunge kwa leso, kisha kwa mfuko wa plastiki, na uyashike mapajani. Mkienda bara, mji wenye hewa kavu, utaona kinyume: matwari yanakaza hadi yanalia kama bati. Hapo pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, si chenye kuchuruzika, upande wa ndani. Matwari ya skrubu na ngozi ya plastiki hayana taabu hizi, ni kweli. Hayana pia ule mlio.

Kuhusu zefe, mwambie nahodha kwa adabu kwamba ngozi hazina hatia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Msafara wenu ukiwa na urefu wa mita 34, aliye nyuma anaisikia mbele ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na mdundo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde tu kati ya pigo na pigo. Akikifuata anachokisikia anachelewa, na mbele nao wanaisikia nyuma ikiwa imechelewa maradufu. Ongeza kuta za mawe za vichochoro vya Lamu zinazorudisha mwangwi, mnapata fujo mnayoieleza. Kwa hiyo matwari yote yawe pamoja katikati ya msafara, yasitawanywe mbele na nyuma. Fupisheni msafara: watu wanne kwa safu pale njia inaporuhusu, wawili penye kichochoro, mkiwa mmekaribiana. Nahodha aende mbele kidogo ya matwari akiwa na bakora inayoonekana juu ya vichwa, waimbaji waifuate kwa macho. Jicho halichelewi kama sikio. Mjaribu hivyo kwenye njia yenyewe, kabla Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, haujaingia na mji kujaa wageni.

Kikundi chetu cha nyimbo kina manahodha wawili, mimi na msichana mmoja. Mwalimu alituchagua wote ili tusigombane. Sasa ndiyo tunagombana. Yeye anasimamisha wimbo, mimi nauendeleza. Kuna njia, au mmoja ajiuzulu? — Kidato cha Pili, Malindi

Manahodha wengi, jahazi huenda mrama. Hilo mwalimu wenu amelisahau. Lakini jahazi halina nahodha peke yake. Kuna serahangi, mkubwa wa mabaharia, anayejua kila kamba ilipo. Nahodha ndiye anayejua waendako, naye serahangi ndiye anayehakikisha tanga limepanda. Gawaneni hivyo. Mmoja awe na wimbo wenyewe: sauti za kuanzia, mwendo, kusimamisha na kuendeleza, na akisimama mbele mwingine asiseme neno mpaka wimbo ukome. Wa pili awe na watu: majina, kuchelewa, sare, maji ya kunywa, ruhusa za walimu wa madarasa, na wakati wa Ramadhani, kupanga mazoezi mafupi asubuhi badala ya jioni ambapo koo za waliofunga zimekauka. Andikeni mgawanyo huo kwenye karatasi moja, mwalimu autie sahihi, usomwe mbele ya kikundi. Baada ya muhula mbadilishane. Anayejiona amepewa kazi ndogo ataiona ukubwa wake siku ya safari, saa kumi na moja alfajiri, basi likinguruma na watu wanne hawajafika.

Nilikuwa mwanzishaji wa nyimbo tangu shule ya msingi. Mwaka huu sauti inanikatika na waimbaji wanacheka. Nina miaka 14. Nitapoteza uongozi? — Watamu

Koo lako linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti ya mvulana hushuka takriban oktavu nzima. Huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Usilazimishe sauti za juu ulizokuwa ukizifikia. Ndizo zinazokatika, na kuzilazimisha kunakwaruza. Imba katikati, kwa sauti ndogo, na kila wiki mbili mwombe mwalimu apime unaanzia wapi na kuishia wapi. Uanzishaji mpe mwenzako kwa sasa.

Uongozi, hapana, hauondoki na sauti. Unajua tayari kosa kubwa la waanzishaji: kuanza juu mno kwa sababu ya woga wa jukwaa, waitikiaji wakifika kiitikio wanapiga makelele. Simama nyuma ya pazia na mwanzishaji mpya. Mfanye avume kimya mstari wa juu kabisa wa kiitikio kwanza. Ukimkaa vizuri, ashuke kutoka hapo mpaka noti ya kuanzia, aishike kichwani na aingie nayo. Kazi hiyo haihitaji sauti nzuri, inahitaji sikio, na sikio lako halijabadilika.

Ninamaliza Kidato cha Nne mwaka huu. Tangu nimekuwa nahodha kikundi kimekwenda vizuri, lakini naogopa nikiondoka kitaanguka kama kilivyoanguka nilipokipokea. Kila kitu kiko kichwani mwangu. — Nahodha wa kikundi cha ngoma, Lamu

Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo ugonjwa. Anza kuitoa kichwani sasa hivi. Tamasha la muziki la taifa huwa Agosti, na baada yake mtihani unakula muda wako wote. Ukingoja Oktoba utamkabidhi mwenzako kwaheri peke yake.

Tafuta warithi wawili wa Kidato cha Pili au cha Tatu, si mmoja, kwa sababu mmoja anaweza kuhamishwa shule. Usichague mchezaji bora kuliko wote. Mchezaji bora anahitajika kwenye safu, na mara nyingi hajui kwa nini wengine wanakosea kwa kuwa yeye hakosei. Tazama badala yake nani, mwenzake akipotea, humwonyesha hatua bila kuambiwa. Wape kwanza dakika 7 za kulainisha viungo kwa wiki mbili. Kisha kipande kimoja cha ngoma wakifundishe wao, wewe ukiwa umekaa. Kaa kweli. Manahodha wanaoondoka hukaa wakisimama kila dakika kurekebisha, na kikundi kinaendelea kuwatazama wao. Mwezi wa mwisho waongoze mazoezi mazima, wewe uwe kwenye safu ya nyuma ukicheza kama mwingine yeyote, na ukiona kosa ulinyamazie mpaka mazoezi yaishe.

Andika daftari moja, lenye jalada gumu. Ndani yake mchoro wa kila safu, wachezaji wakiwa nukta zenye herufi, na mishale ya wanakoelekea kwa kila kipande. Mwendo wa kila kipande kwa hesabu ya sekunde 15. Maneno ya nyimbo yote, pamoja na nani aliyekufundisheni na maana yake, kwa sababu maneno ya lugha ya zamani huharibika haraka midomoni mwa watoto wasioyaelewa. Orodha ya vyombo: vingapi, kipi kina ufa wapi, ngozi ilibadilishwa mwezi gani na fundi gani. Ni nani mwenye ufunguo wa ghala siku za Jumamosi. Kiasi cha leso kinachohitajika kwa wasichana 16 na zile zilizoazimwa zirudishwe nyumba ipi. Mwishoni, ukurasa mmoja wa makosa yaliyowahi kutokea jukwaani na sababu yake, bila majina ya watu.

Daftari hilo lisikae kwako wala kwa mrithi. Liwekwe kwa mwalimu mlezi, na nakala yake ghalani, ndani ya mfuko wa plastiki, juu kabisa mahali panya na unyevu havifiki.